Ukungu wa Katikati

Aliyesema kidole kimoja hakivunji chawa bila shaka aliwahi kuwashwa. Kidole kimoja humsukuma chawa huku na huku tu, lakini vikikutana viwili habari yake imekwisha. Maana yake ni kwamba zipo kazi zisizowezekana bila mwenzio, hata awe mwenzio uliyemnunia. Mawifi wawili walifundishwa hilo na dirisha.

Waliishi nyumba moja na mama mzee. Mmoja alikuwa binti yake wa kumzaa, mwingine mke wa mwanawe aliyefanya kazi mbali. Zamani walikuwa chanda na pete. Kisha sufuria ikaungua, kila mmoja akadai zamu haikuwa yake, neno likazaa neno, na tangu hapo wakawa wanasemeshana kwa kumpitia mama.

"Mama, mwambie mkweo chumvi imekwisha."

"Mama, mwambie mwanao aliyeimaliza ni yeye."

Hata usafi waliugawa: mke alisafisha ndani, binti akasafisha nje.

Mama alikuwa amevunjika nyonga, na kitanda chake kilisogezwa kwenye dirisha kubwa la vioo viwili vilivyounganishwa kuzuia baridi. Furaha yake yote ilikuwa barabara: watoto wa shule, muuza magazeti, jirani akigombana na mbwa wake. Kisha dirisha likaingia ukungu, na kila siku barabara ikafifia kidogo zaidi.

Mke alipangusa kwa siki na gazeti. Ukungu ukabaki. "Mama, mwambie mwanao aoshe upande wake." Binti akasugua nje mpaka bega likamuuma. Ukungu ukabaki. "Mama, mwambie mkweo aache uvivu."

Mama alichoka. "Nimempigia mjomba wenu," akasema. "Jumamosi anakuja kunichukua. Kwake sitaiona barabara, lakini masikio yangu yatapumzika."

Wote wawili walinywea. Kila mmoja alimpenda mama yule kama mboni ya jicho lake, na maneno hayo yaliwachoma.

Asubuhi yake kila mmoja alishika kitambaa ili amthibitishie mama kwamba kosa si lake. Mke alisimama ndani, wifi yake nje, wakatazamana kwa macho makali. Mke akaona tone la maji kwenye kioo, akaliwekea kidole: liko kwako. Wifi naye akaweka kidole papo hapo: liko kwako. Kila mmoja akakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu.

Tone likateremka taratibu, kati yao.

Mke alifungua mlango akatoka nje. "Wifi," akasema, na neno hilo lilikuwa limemkaukia kooni kwa miezi, "limo katikati."

"Nimeliona, wifi."

Fundi wa vioo aliyeitwa alikuta gundi ya ukingoni imechoka na kupitisha unyevu. "Hapo mngesugua mpaka uzeeni," akacheka. "Fremu ni nzima, tubadilishe kioo tu." Ijumaa akarudi na kioo kipya, lakini peke yake, maana msaidizi wake alikuwa mgonjwa. "Hiki cha zamani ni kizito. Mmoja akisukume toka ndani, mwingine tukipokee naye nje. Mtaweza?"

Kitanda cha mama kikasogezwa kando. Mke akaweka viganja kwenye kioo.

"Sukuma taratibu, wifi."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usije ukaniachia."

"Sikuachii."

Mama alisikiliza yote. Hakuna aliyesema "mama, mwambie".

Kioo kipya kilipokaa na kitanda kurudishwa, barabara nayo ilirudi. Mama aliitazama kwa muda mrefu. "Kumbe jirani ana mbwa wawili siku hizi," akasema, kisha akaomba simu. Mawifi wakasimama roho mkononi.

"Kaka, kesho usije kunichukua. Njoo unisalimie tu. Nina kazi, naangalia barabara."

Binti alifuta machozi kwa kitambaa kilekile cha dirisha. "Wifi, ile sufuria ilikuwa zamu yangu."

"Na moto niliuongeza mimi," mke akajibu, wakaangua kicheko.

Mama alinyanyua vidole gumba vyake viwili, akavibana kucha kwa kucha. "Ningewaambia mapema msingenisikia, wanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa."