Kwa Nini Chungu cha Vitovu Hakifunuliwi

Milima ilipokuwa bado inasikilizana, Kirare hapakuwa na siri. Vitovu vya watoto vikishakauka na kudondoka havikuzikwa migombani kama wafanyavyo wengine. Vilipelekwa kwenye nyumba moja ya udongo, kila kimoja ndani ya kibuyu chake, kimefungwa uzi. Ilikuwa nyumba ya makumbusho hasa: mgeni akija, kabla hata ya kupewa maji, anapelekwa kuonyeshwa.

Mtunzaji wake, bibi Nanzighe, alipenda kuonyesha. Alifunua, akaeleza, akafunika, hiki cha nani, uzi wa rangi gani. Na sheria ya Kirare ilitoka humo humo: mtoto akigombaniwa, ni wa yule atakayetangulia kukieleza kitovu chake kabla kibuyu hakijafunuliwa.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, Namkunda, aliyezika watoto wawili kabla ya kumpata Mbonea. Huyu alimzaa njiani, peke yake, akirudi kutoka kwao, hakuna aliyeshuhudia. Alimbeba mgongoni kisimani, shambani, kila mahali, hakumwachia mtu amshike. Siku ya soko akapita Nakijwa, mwanamke wa ng'ambo ya bonde, mwenye ng'ombe wengi na asiye na mtoto. Akaonyeshwa nyumba kama wageni wote. Akakaa sana mbele ya kibuyu cha Mbonea, akauliza maswali, bibi akajibu yote.

Mwezi haukuisha, akarudi na kaka zake wenye fimbo.

"Mtoto ni wangu, niliibiwa," akawaambia wazee. "Kitovu kimefungwa uzi mweusi, kimejikunja kama jongoo, kibuyu kina ufa shingoni."

Yote kweli. Namkunda akaulizwa, akasema yale yale, lakini mwenzake alikuwa ameshatangulia. Wazee wakatazama chini. Mmoja akanyoosha mikono ampokee mtoto.

Namkunda hakulia. Aliingia mbio katika nyumba ya vitovu, mtoto mgongoni, akashusha vibuyu kutoka rafuni, akakata nyuzi, akavimimina vitovu vyote ndani ya chungu kimoja, akavikoroga kwa mkono.

"We Namkunda! Una wazimu?" bibi Nanzighe akapiga yowe. "Na cha mwanangu kimo humo!"

"Kimo, bibi. Na vya wajukuu zako." Akakiburuta chungu hadi uani. "Haya dada, toa chako."

Nakijwa akachungulia. Vyote vyeusi, vyote vimejikunja.

"Hata wewe hukijui sasa," akasema.

"Sikijui."

Wanawake wakaja na hasira zao, maana vya watoto wao navyo vimepotea humo. Wakachungulia mmoja mmoja, hakuna aliyekitambua cha mwanawe. Kisha bibi Nanzighe akaketi mbele ya chungu, akamgeukia Nakijwa.

"Basi mama, ukidai kimoja umedai vyote. Anza na mwanangu yule pale mwenye ndevu. Mbebe."

Watu wakacheka. Wanawake nao wakaketi, wakakizunguka chungu, hapakubaki pa kupita. Nakijwa akaondoka na kaka zake. Ndipo Namkunda akafungua kanga, akamshusha Mbonea, akampa bibi amshike.

Na tangu siku hiyo chungu kile kimeshonewa ngozi mdomoni, rafu zimebaki tupu, na mtoto wa Kirare akilia njiani hubebwa na mwanamke aliye karibu, haulizwi ni wa nani. Wageni bado wanaonyeshwa nyumba. Mgeni akiuliza mna nini ndani ya chungu, anaambiwa, "Wanetu," halafu anapewa maji.