Dungu la Dawa

“Mpunga dunguni, dawa sakafuni.” Vijana walipotaka kujua msemo huu ulitoka wapi, Mzee Mketo aliwaambia kwamba methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Nyamtope kiko bondeni, kando ya mto. Kila masika wenyeji hupandisha mpunga dunguni, yaani kwenye kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu. Mtoto hulijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Lakini zahanati ilipojengwa kwa saruji, watu walisema nyumba ya serikali haihitaji nguzo. Dungu ni la shambani. Dawa zikapangwa chini, katika stoo yenye sakafu inayong’aa.

Masika moja mto ulifurika alfajiri. Muuguzi Somoe alipofungua stoo, makopo yalikuwa yakielea na maboksi yamegeuka rojo. Wakati huohuo Siwema, mwanamke wa pale kijijini, alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Walimbeba hadi kwenye dungu la Mzee Ngwele, mahali pekee palipokuwa pakavu. Mtoto alizaliwa salama, lakini damu ya mama ikagoma kukoma. Wanaume wawili walipiga kasia kwenda kuomba sindano ya kukomesha damu katika zahanati ya ng’ambo. Somoe akabaki akikanda tumbo la mzazi.

Huku akikanda, alitazama magunia yaliyomzunguka. Hakuna hata punje iliyolowa. Jambo hilo likamshangaza.

“Mzee Ngwele, nani alikwambia upandishe mpunga?”

“Maji yalimwambia babu yangu, naye akatuambia sisi.”

“Na dawa je? Mbona hamkuniambia?”

“Hukuuliza, mwanangu. Nasi tuliona saruji, tukanyamaza.”

Bi Tabu, mama yake Siwema, akadakia: “Tazameni akili zetu! Mpunga dunguni, dawa sakafuni! Mwanangu akifa, mpunga huo si ndio mtakaoupika matangani?”



Mtumbwi ukarudi. Somoe akachoma sindano. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Baada ya muda Siwema alifumbua macho, akaomba uji.

“Mchele upo,” alisema Mzee Ngwele, bila kumtazama mtu usoni.

Maji yalipopungua, wanakijiji walijenga stoo ya dawa na chumba cha wazazi juu ya nguzo za zege. Somoe aliuliza nguzo ziwe na urefu gani. Safari hii kila mzee alijibu. Tangu hapo, anayelinda chakula akasahau uhai wa mlaji huambiwa: Mpunga dunguni, dawa sakafuni.