Nani Ale Firigisi ya Tunu

Hapo zamani, siku ambazo kila nyumba ilimwaga maji machafu palepale mlangoni, palikuwa na mtaa mteremkoni. Chini kabisa aliishi Tunu na binti yake Zawia, ndiyo kwanza anatambaa.

Maji ya kuogea yakashuka. Maji ya kufulia yakashuka. Maji ya vyombo yakashuka. Yote yakatuama uani kwa Tunu. Zawia akaharisha, akapona, akaharisha tena, mpaka macho yakazama.

Tunu akaenda kwa bwana afya, Mbaruku. Mbaruku akamwambia, "Mama, mtaa ukipata eneo la shimo la maji machafu, mabomba nitayaomba mimi halmashauri." Akaandika barua, kimya. Akaandika ya pili, kimya. Ya tatu akaipeleka kwa miguu, akakaa siku mbili mlangoni kwa mkubwa wake, mpaka mabomba yakatoka.

Eneo alikuwa nalo Mzee Shemhilu. Kwanza alikataa. "Mihogo yangu inywe sabuni yenu?" Kisha akamwona Zawia mgongoni kwa mama yake, shingo imelegea. Kesho yake akaonekana shambani, anang'oa mihogo michanga kwa mkono wake.

Miezi yote hiyo ya kungoja, Bi Chausiku wa nyumba ya juu, mfua nguo za watu, alibeba maji yake ndoo kwa ndoo, akayamwaga mbali porini. Akirudi husimama milangoni. "Shoga, beseni hilo linakwenda wapi?" Majirani wakaona haya, nao wakabeba. Ua wa Tunu ukakauka. Zawia akaacha kuharisha.

Miezi michache baada ya shimo kwisha na mabomba kulazwa, Tunu akachinja kuku wake mmoja, akawaalika wote watatu. Nanyi mnajua, firigisi haigawanywi. Hupewa mmoja tu, mwenye heshima yake.

"Lete kwangu," akasema Mzee Shemhilu. "Shimo halichimbwi hewani."

Chausiku akacheka. "Na migomba uliyopanda kando ya shimo, mzee wangu? Imenenepa kukushinda. Mimi nimepata maumivu ya mgongo tu."

"Lakini maji yaliyomuumiza mtoto mengi yalikuwa yako," akasema mzee.

Chausiku akainama. "Yalikuwa yangu. Ndiyo maana niliyabeba."

Mbaruku akasema, "Ungebeba mpaka lini, dada? Siku ukiugua, yangeshuka tena. Mabomba hayaugui."

"Wewe ni kazi yako, unalipwa," akasema mzee.

"Silipwi kulala mlangoni kwa mtu."

Tunu akawatazama wote, machozi ya furaha yakimlenga. Kando yake Zawia, mashavu yamejaa, alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko. Angekosekana hata mmoja wao, pengine asingekuwepo wa kuigonga.

Firigisi inapoa kwenye bakuli. Nyinyi mlioketi hapa, mngekuwa Tunu, je, mngempa nani?