Nafasi ya Povu

Hapo kale, enzi za babu wa babu zenu, mlima huu haujapewa hata jina. Semeni "tupo!" Mbona mnasema kama hamjala? Semeni tena. Haya.

Watu wa vilima viwili waligombania mfereji wa maji. Wakapigana, wakapigana, wakapigana hata wakachoka kuzika. Sengondo, mwana wa pekee wa Nanzia mpika pombe, akatekwa ng'ambo. Wakubwa wakaamua: kilima hiki kipike pombe ya suluhu, mtungi mmoja, wanywe wote. Ikiwa njema, Sengondo arudi kwa mama yake. Ikiharibika, mikuki.

Kirumbe, mkuu wa kilima hiki, akaleta mtungi ambao ndama angeoga ndani. "Pika humu, watuogope!"

Nanzia akachungulia. "Baba, miwa yetu mingi imeungua vitani. Maji yake humu yatalala chini kabisa, hewa itajaa juu. Utawanywesha siki."

Mke wa Kirumbe akaleta mtungi mdogo. "Basi jaza huu hadi mdomoni, wasituite wachoyo!"

"Na povu likipanda, mama, litakwenda kulala kwako?"

Alikuwa na mdomo, Nanzia! Kama huyu anayecheka hapa.

Akachagua wa katikati. Akamimina maji ya miwa, akatia matunda ya mvungunya ya kuchachusha, akaacha nafasi juu, akafunika kwa majani ya mgomba.

Kesho yake wageni wa ng'ambo wakaja kuukagua, ndiyo desturi. Walimleta Sengondo, kamba mikononi. Mkuu wao, Mndeme, akafunua majani.

"Haujajaa! Mmetuita tudharauliwe?"

Mikuki ikainuka. Sengondo akafumba macho.

Nanzia aliogopa, wajukuu zangu. Msidanganywe kwamba shujaa haogopi. Akasema, "Mzee Mndeme, tega sikio hapa kwenye mtungi. Na wewe Kirumbe, tega."

Wakainama wote wawili. Loo! Ndani kunanguruma, kunachemka, na moto hakuna! Hata kaa moja hakuna! Udongo wenyewe una joto kama tumbo la mjamzito. Na povu likapanda. Likapanda, likapanda, watu wakarudi nyuma, likaijaza ile nafasi yote, likagusa mdomo wa mtungi, likasimama. Tone halikumwagika. Watu wazima walishika vinywa.

Mndeme akanong'ona, "Nani yumo humu?"

"Hamna mtu, mzee wangu. Ni pombe yenu inapumua. Nimeiachia pa kupumulia."

Hapo wakuu wale wakagundua kwamba wanatazamana, pua karibu na pua, masikio yao kwenye mtungi mmoja. Tangu vita vianze hawakuwahi kukaribiana hivyo bila silaha. Hakuna aliyeondoa kichwa. Mndeme akasema, sikio lake liko palepale, "Hii itakuwa njema. Mfungueni huyo kijana."

Na Nanzia? Mdomo wote ule, siku hiyo alilia tu.

Basi pimeni mlicho nacho ndipo mchague chombo, na msikijaze hadi mdomoni. Hata ndugu yako, ukikaa naye, mwachie pa kupumulia.

Kisa nimekikamua, makapi tafuneni wenyewe. Haya, nani ananiletea maji ya kunywa?