Meza Iliyopanda Treni

Sogeeni, mliokaa na mliosimama. Hadithi hii nilipewa bila mwisho, nami nawapa vivyo hivyo. Mwisho mtautafuta wenyewe.

Palikuwa na miji miwili kwenye reli moja, Kalumbi na Msololo, na kati ya miji hiyo palikuwa na meza moja ya biliadi. Msifikirie meza ndogo za puli za kando ya baa, zile unazotumbukiza sarafu na mipira ikaporomoka. Hii ilikuwa na miguu minene kama ya kiboko, na chini ya kitambaa chake cha kijani hapakuwa na mbao bali mawe bapa matano, yaliyounganishwa yakawa uwanja mmoja. Ililetwa kwa treni zamani za ukoloni kwa ajili ya mabwana wa reli. Mipira yake ya kwanza ilikuwa ya pembe za ndovu. Pembe zilitoka nchi hii hii, zikabebwa na watu mabegani hadi pwani, zikavuka bahari, kisha zikarudi zimekuwa duara. Waliozing'arisha kila asubuhi hawakuruhusiwa kuzigonga.

Mabwana walipoondoka, mafundi wa karakana walifungua mlango, wakashika fimbo, wakajifunza. Mipira ya pembe ilipasuka mmoja mmoja, ikaja ya plastiki, na kwa ndovu hiyo haikuwa habari mbaya.

Lakini meza ilikuwa ya nani? Kalumbi walisema ni yao, Msololo wakasema ni yao. Wakakubaliana kuicheza. Mji unaoshinda unakaa na meza. Mji unaoshindwa unaifungua kwa mikono yake, unaipakia kwenye behewa na kuisindikiza kwa nyimbo mpaka stesheni ya wenzao. Na mwenyeji akishindwa kutoa meza inayochezeka siku ya mchezo, amekwisha kushindwa. Kwa hiyo meza ile ilipanda treni mara nyingi kuliko wengi wa waliokuwa wakiigombea.

Pamoja na meza kulikuwa na fimbo moja ya mpingo, nyeusi, nyembamba, nzito kidogo kuliko inavyoonekana. Ilichongwa na mwanzilishi wa klabu ya Kalumbi, naye aliacha usia: apewe mtu mmoja, si wawili, atakayeizuia meza isiondoke. Mwenyekiti aitoe pale stesheni, wageni wakishuhudia. Treni ikiondoka kabla fimbo haijapata mwenyewe, iende na wageni.

Katika siku za hadithi yetu meza ilikuwa Kalumbi, na mwenyekiti wa klabu alikuwa Nyanzobe, mwanamke aliyestaafu kazi ya kukata tiketi. Alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, hata yule anayedanganya waziwazi. Wenye haraka walimwona mzito. Yeye aliamini kwamba kila mtu ana sababu, na kwamba sababu hiyo mara nyingi huja katika sentensi ya mwisho.

Klabu yake ilikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni mzee Kasanda, mchonga mawe ya makaburi. Kipaji chake kilikuwa sikioni. Akiligonga jiwe kwa kidole alisikia pale lilipo na uwazi, pale linapoegemea, pale litakapopasuka. Alikuwa amechonga majina ya nusu ya mji, na alipenda kuwaambia wanaomchelewesha, "Mimi sina haraka. Wote mtakuja kwangu."

Wa pili ni Zaina, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa vidoleni. Hakutumia futi, alimpitishia mteja kiganja mabegani mara moja, na gauni likatoka limemkaa. Kitambaa kikipita mikononi mwake alikijua ujana wake na uzee wake, na alijua upande kinaopenda kuvutwa.

Wa tatu ni Lubeleje, kijana aliyejifunzia kwenye meza za baa. Kipaji chake kilikuwa katika utulivu. Wenzake waligonga kwa nguvu ili waonekane; yeye aliusukuma mpira kana kwamba anamwamsha mtoto, na mkono wake haukutetemeka hata watu wakimpigia kelele masikioni.

Masika ya mwaka ule yaliteremka bila huruma. Paa la klabu likavuja, sakafu ikabonyea upande mmoja, kitambaa kikaoza. Ukiuweka mpira katikati ya meza ulikwenda zake wenyewe mpaka kona ya dirishani, ukaanguka tunduni. Ndipo Msololo wakatuma salamu kwamba wanakuja kucheza. Mchezaji wao, mzee Mgalula, hakuwa amefungwa na mtu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Aliongeza salamu zake mwenyewe: "Mwambieni Nyanzobe chumba cha meza tumeshakipaka rangi."

Nyanzobe aliwaita watu wake watatu.

Kasanda ndiye aliyeanza. Alikivua kitambaa kibovu, akayabandua mawe, akaijaza sakafu kokoto na kuishindilia. Kisha aliyalaza mawe upya, akiligonga kila moja na kuliinamia kama daktari anayesikiliza kifua. Penye uwazi alipenyeza kabari nyembamba ya mti. Kwenye maungio alimimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha akaiparua mpaka ukipitisha ukucha huhisi pa kuvukia. Mwishowe aliweka pima maji juu ya mawe, kiputo cha hewa kikasimama katikati, nacho hakikusogea popote alipoihamishia.

Zaina alifuata. Kitambaa kilikuwa cha sufu, kimeagizwa Dar es Salaam, kipande kimoja tu na hapakuwa na cha akiba. Alikitandaza juu ya mawe, akakivuta kutoka pembe hadi pembe, akakipigilia misumari midogo chini ya kingo bila kuacha mkunjo hata mmoja. Wateja walipita mlangoni wakimcheka. "Zaina, siku hizi unashonea meza?" Akawajibu misumari ikiwa midomoni, "Meza haijawahi kunirudishia gauni kwa kunenepa."

Alipomaliza, Kasanda aliutembeza mpira taratibu kukatisha meza. Ulikwenda, ukakaribia kusimama, kisha ukapinda kidogo.

Mzee akaurudisha, ukapinda tena. Akaingia chini ya meza na kuligonga kila jiwe toka chini, halafu akatoka na vumbi kichwani.

"Jiwe langu halina kosa," alisema. "Ungekuwa mteremko, mpira ungepinda tangu unapoondoka. Huu unapinda unapochoka. Kuna kitu kinaushika."

Zaina alipitisha kiganja juu ya kitambaa, kwenda na kurudi, na uso wake ukabadilika. Sufu ile ilikuwa na manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, kama mgongo wa paka. Katika meza ya biliadi manyoya hulazwa yakielekea kichwani mwa meza, pale mipira inapopangwa, na mpindo wake mdogo kila mchezaji anaujua. Lakini Zaina ni fundi wa magauni, na fundi wa magauni akipewa mahameli huyageuza manyoya yaangalie juu ili rangi iive. Alikuwa ameivisha meza kama bibi harusi.

"Nimekigeuza," alisema. "Niking'oa misumari kitachanika. Hakuna kingine."

"Basi tutacheza hivyo hivyo," alisema Nyanzobe. "Lubeleje, umesikia?"

Lubeleje alikuwa ameshachukua fimbo. Toka hapo hadi siku ya mchezo aliisukuma mipira polepole tu, akijifundisha upya kila alichokijua, kwa sababu kila mpira mzito wa mwendo ulimpinga. Wenye kupita walidhani amepoteza uwezo.

Msololo walishuka kwenye treni na ngoma zao. Sheria iliwapa wageni haki ya kuijaribu meza watakavyo kabla ya mchezo. Mgalula aliweka pima maji yake mwenyewe, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyanzobe alimletea chai.

"Shikamoo, mzee. Kitambaa ni kipya. Kijaribu na taratibu."

"Marahaba, mwanangu. Taratibu wanacheza wagonjwa." Alipiga mpira mmoja kwa nguvu, ukazunguka kingo zote ukarudi mkononi mwake. "Meza ni meza."

Mpira wenye mbio hauhisi manyoya. Nyanzobe alilijua hilo, akamwambia mara ya pili aijaribu taratibu, naye Mgalula akanywa chai yake.

Mgalula na Lubeleje walicheza, wakafungana, wakafika kwenye mpira mweusi. Atakayeuzamisha ndiye mwenye meza. Zamu ilikuwa ya Mgalula. Mweusi ulikaa jirani na tundu la kati, mahali ambapo hutaki nguvu; ukiupiga kwa pupa, mpira mweupe, ule wa kugongea, nao unazama na umeshindwa. Mgalula aliupiga kwa upole, akiacha nafasi kidogo kwa mpindo alioujua maisha yake yote. Mweupe ukapinda kwingine. Mweusi uligonga mdomo wa tundu, ukarudi, ukajiviringisha mpaka ukajibanza pembeni, mbali na kila tundu.

Lubeleje aliipaka fimbo yake chaki na kulenga mahali ambapo kila mtu mle ndani aliona ni makosa. Mtu wa Msololo alicheka kwa sauti. Mpira mweusi uliondoka taratibu ukikatiza meza, ukaelekea pasipo na tundu, ukachoka, ukainama upande, ukazama.

Meza ikabaki Kalumbi.

Wakaenda wote stesheni kuwasindikiza wageni, na Nyanzobe akiwa ameibeba fimbo ya mpingo. Lubeleje alinyoosha mkono kabla hajaitwa.

"Subiri, mdogo wangu," alisema Zaina. "Mpira ulipinda juu ya nini? Juu ya hewa?"

"Dada Zaina, ulikosea. Ulikiri mwenyewe. Tangu lini mtu akazawadiwa kosa?"

"Nilikosea upande. Sikukosea kukivuta. Nenda ukatafute mkunjo mmoja, nikupe fimbo na cherehani juu yake. Na bila kosa hilo, mzee wa watu angeuzamisha ule mweusi, wewe ungekuwa saa hizi unabeba miguu ya meza begani."

"Alikosa yeye, lakini mimi nilipata. Wewe ungepata?"

Mzee Kasanda alikohoa. "Mnagombana wawili kama vile mlikuwa wawili. Kazi ya Zaina mnaiona, ya kijana mliipigia makofi. Yangu iko chini ya nguo. Nikitaka kuwaonyesha, mtanifukuza. Lakini nani aliyewaambia kwamba kitambaa kimegeuka? Zaina hakujua. Lubeleje angejua leo, mbele ya wageni."

"Mzee wangu, ulikuwa unalitetea jiwe lako," alisema Lubeleje.

"Nililitetea kwa sababu nililijua. Asiyejua kazi yake angeanza kupenyeza kabari, akaiharibu na meza."

"Ikatwe mapande matatu," alisema mmoja katika umati.

"Tuchokonolee meno?" akajibu Zaina, na watu wa miji yote miwili wakacheka.

Mgalula alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya behewa. "Niulizeni mimi," alisema, "maana niliyepigwa ndiye anayejua kiboko kilitoka wapi. Ule mpira wangu uliopinda ulipindwa na mkono wa fundi cherehani. Lakini kama meza ingekuwa na kasoro ya jiwe, pima maji yangu ingeniambia, ningekataa kucheza na mngeshindwa asubuhi. Hapo nilikutana na mkono wa huyu mzee mwenzangu. Na nilipokosa sikuwapa meza, niliwapa nafasi. Nafasi nimeshawapa wengi katika maisha yangu, wakaitupa. Huyu kijana hakuitupa."

"Kwa hiyo, mzee, apewe nani?" aliuliza Nyanzobe.

"Kwa hiyo mimi napanda treni," alisema Mgalula, akapanda.

Honi ikalia. Nyanzobe alikuwa amewasikiliza wote mpaka sentensi zao za mwisho, na safari hii kila sentensi ilikuwa na haki ndani yake. Alimtazama Kasanda: bila jiwe lake pasingekuwa na mchezo, na bila sikio lake kosa lisingejulikana, lakini jiwe lililonyooka lingemfaa Mgalula vilevile. Alimtazama Zaina, ambaye ndiye aliyemwangusha bingwa asiyeangushika, na wakati anafanya hivyo alidhani anaipamba meza. Alimtazama Lubeleje, ambaye mkono wake ndio uliouzamisha mpira, ila alijua pa kulenga kwa sababu wengine wawili walimwambia.

Alijua pia kwamba yeyote atakayempa, watu wa Kalumbi wataishi na jibu hilo. Akimpa kijana, mafundi watajua kwamba hapa mjini anatukuzwa anayemalizia. Akimpa mzee, watajua kwamba anatukuzwa anayeanza. Akimpa Zaina, itabidi mji ukubali kwamba wema uliofanyika bila kukusudiwa bado ni wema, na una mwenyewe.

Magurudumu yakaanza kusogea. Dirishani mtu wa Msololo alikuwa ametoa mkono nje, tayari kuipokea fimbo isiyo na mwenyewe. Wale watatu walisimama bega kwa bega, hakuna aliyerudi nyuma. Nyanzobe akaishika fimbo kwa mikono miwili, akapiga hatua mbele.

Na hapo ndipo aliyenisimulia aliponyamaza, akanitazama, kama ninavyowatazama nyinyi sasa. Treni haisubiri. Kama mikono ile ingekuwa yako, fimbo ungempa nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?