Kisima Kilichoamshwa kwa Pampu

Mkodi chombo hakukodi kisima.

Ndivyo alivyosema yule baharia gatini asubuhi hii, mgeni wake alipomwamuru apande mnazi wa watu amwangushie madafu. Nanyi mlicheka mgeni alipoondoka bila dafu. Sasa mnaniuliza chombo na kisima vilikutana wapi. Vilikutana hapa hapa Pungwani, na mimi nilikuwapo na mtungi wangu. Sauti ikinipanda katikati ya hadithi, mnisamehe wajukuu zangu. Kila nikimaliza kusali namwomba Mwenyezi Mungu aniondolee hasira ya siku ile. Bado ameniachia. Nadhani ana kazi nayo.

Basi sikilizeni mwanzo wa maneno hayo.

Mnayajua magofu ya mji wa kale yaliyo nyuma ya kijiji chetu, ule msikiti usio na paa na zile nyumba za mawe ya matumbawe. Mji ule ulikufa zamani, lakini kitu kimoja chake hakikufa, nacho ni kisima. Mpaka leo Pungwani yote inakunywa humo. Nanyi mnajua kwamba hatuchoti kwa ndoo. Tunashuka zile ngazi na kata, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, tukayagusa maji juu juu tu. Maji matamu ya kisima kile ni kama malai juu ya maziwa. Chini yake ipo bahari. Ukiyavuta kwa pupa, bahari inapanda.

Na tangu adhuhuri mpaka alasiri hakuna anayechota. Tunasema kisima kimelala. Hata mwenye maiti ndani anayengoja kuoshwa husubiri kisima kiamke.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali na masika yalikuwa mbali. Ndipo kikaja chombo kimoja cha starehe, cheupe, chenye matanga mawili makubwa na vyumba vya kulala ndani. Alikuwa amekikodi Bwana Sadala, tajiri wa jijini, pamoja na nahodha wake, mabaharia na mpishi. Alikuwa akiwatembeza marafiki zake kutoka gofu hadi gofu, akiwaambia kila wanaposhuka, "Hii ndiyo miji ya wazee wangu." Labda ni kweli, simkatalii mtu wazee wake.

Nahodha alikuwa Shee Famau, mtoto wa kijiji jirani, ambaye mama yake alikuwa rafiki yetu sote. Yeye ndiye aliyetueleza baadaye mambo yalivyokuwa. Wageni wale walikuwa wakioga mara nyingi kama bata, na kila wakitoka kuogelea walitaka deki ioshwe chumvi kwa maji matamu. Walipofika kwetu matangi yalikuwa makavu. Wakashuka magofuni wakati wa jua kali, wakakiona kisima. Hapakuwa na mtu.

"Kimeachwa," akasema Bwana Sadala. "Leteni pampu."

"Hakikuachwa, Bwana," akasema Shee. "Kimelala. Tungojee alasiri, kina mama waje, tuwaombe watuchotee kwa kata maji ya kunywa. Ya kuoga tutayapata mjini."

"Kisima kimelala?" Wageni wakacheka. "Kinakoroma?"

"Bwana, pampu itaingiza chumvi."

"Nahodha, nimekodi chombo na watu wake. Nikitaka hadithi za vizee nitakuomba. Sasa nataka maji. Au nimpigie simu mwenye chombo, atafute nahodha mwingine?"

Shee alikuwa na watoto wa kulisha. Akatoa amri. Pampu ya petroli ikashushwa, ikanguruma juu ya ngazi zile ambazo sisi huzishuka kwa bismillahi. Mapipa yakajazwa, yakabebwa kwa mashua ndogo hadi chomboni, yakarudi, yakajazwa tena.

Alasiri tukaenda na mitungi yetu. Mimi nilikuwa na haraka. Binti wa dada yangu alikuwa amejifungua juzi yake, na mtungi wa nyumbani ulikuwa umebaki na tope. Juu ya ngazi tukasikia harufu ya petroli. Maji yalikuwa yameshuka hadi mahali ambapo sikuwahi kuyaona, nayo yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikateka kata moja, nikaonja.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama kumbusu mama yako na kukuta amekufa.

Nikampa Bi Mwanamize, mzee wetu wa kisima. Akaonja, akameza, hakutema. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani?" Alama za mapipa zilikuwa mchangani, zimeelekea pwani.

Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Tukaingia baharini na mitungi kichwani, yakitufika kiunoni, mpaka ubavuni mwa chombo. Na tulipofika, baharia mmoja alikuwa ameshika mpira wa maji, anaosha deki. Maji ya kisima chetu yalikuwa yakimwagika baharini mbele ya macho yetu, yakipita kwenye nyayo za mwanamke mmoja aliyelala akiota jua. Mungu ni shahidi wangu, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyozichukia nyayo zile.

"Shee!" akaita Bi Mwanamize.

"Labeka, shangazi."

"Nani aliyekitia kisima chumvi?"

Shee akatazama chini. "Ni sisi, shangazi."

Bwana Sadala akajitokeza na glasi yake. "Kina mama, kuna nini? Mbona kelele?"

Bi Mwanamize akamnyooshea kata iliyojaa maji aliyoyateka kisimani. "Karibu, mwanangu. Kunywa."

Akapokea kwa tabasamu, akidhani anakirimiwa. Akapiga funda moja, akatema.

"Usiteme!" tukampigia kelele. "Ndiyo ya wazee wako hayo!"

"Wazee wako walichota kwa kata," akasema Bi Mwanamize. "Wewe umetoka tumbo gani?"

"Sikilizeni," akasema, uso umemwiva. "Nitawaletea maji ya chupa. Katoni kwa katoni."

"Lini?"

"Nikirudi jijini, nitaagiza."

Tukacheka, kicheko kibaya. Mmoja wetu akasema, "Mwambieni mtoto mchanga asubiri, babu yake wa jijini ameagiza!"

Hapo akakasirika. "Hiki chombo ni changu mpaka wiki iishe! Nimekikodi! Asipande mtu hapa!"

"Nani anataka kupanda?" Bi Mwanamize hakuinua sauti. "Chombo ni chako, kaa nacho. Ulikodi chombo, hukukodi kisima. Shee, tupe maji yetu matamu."

Shee akasimama kati yao. Kisha akamwendea yule baharia, akamnyang'anya mpira, akauteremsha ubavuni.

"Nahodha, ukithubutu huna kazi!"

"Sina, Bwana," akasema Shee. "Shangazi, lete mtungi."

Akajaza wa kwanza, akajaza wa pili. Wageni wakasimama wakitazama, hakuna aliyesema kisima kinakoroma. Tulipokaribia kumaliza, yule mwanamke wa nyayo akauliza kwa woga, "Na sisi tutakunywa nini?" Wengi wetu tulitaka kumjibu vibaya, mimi wa kwanza. Bi Mwanamize akarudisha mtungi wake mwenyewe, akaupandisha chomboni. "Wa kunywa tu," akasema. "Mungu hapendi mtu afe kwa kiu, hata mpumbavu." Mimi nisingeutoa. Ndiyo maana yeye alikuwa mzee wa kisima.

Maji yale tuliyapima kwa vikombe mpaka yakaisha. Baada ya hapo tulivuka bahari kila siku kufuata maji kisiwa cha pili, mpaka masika. Mtoto wa binti wa dada yangu aliishi, alhamdulillahi. Ngozi yake ilipasuka midomoni kabla ya kuanza kucheka, lakini aliishi. Shee alifukuzwa kazi, na Bwana Sadala akawasimulia watu wa jijini kwamba Pungwani kuna wanawake maharamia. Sawa. Lakini mabaharia wake walisimulia vingine, bandari kwa bandari, na maneno ya Bi Mwanamize yakasafiri mbali kuliko chombo chenyewe.

Mvua zilikuja, kisima kikapona. Hakikupona chote. Wageni wakinywa chai hapa husifu, huuliza tumetia kiungo gani. Ni chumvi ile ya pampu. Ninyi mtakaoajiriwa kwenye vyombo hivyo, mtapewa amri nyingi, na nyingi mzitii, kwa sababu kazi ni ibada. Vuteni tanga, pikeni, tandikeni vitanda. Lakini siku mtu atakaponyoosha kidole nje ya chombo, juu ya kaburi, juu ya shamba, juu ya maji ya watu, mtazameni machoni mumwambie bila matusi: mkodi chombo hakukodi kisima.