Nguzo Yenye Kanga Nyekundu

Hadithi hii haijatokea bado, ila mimi naamini itatokea. Nilitumiwa na dada mmoja wa kwaya, nami nakutumia wewe. Kuna mahali niliyasahau maneno yake nikaweka yangu, Mungu anisamehe. Isome mpaka mwisho, kisha mpe na mwenzako.

Miaka mingi ijayo, sisi sote tukiwa tumeshalala udongoni, kutakuwa na mji kando ya uwanda mpana wa chumvi. Nitausimulia kana kwamba umeshapita, maana ndivyo midomo yetu ilivyozoea.

Basi watu wa mji ule walipenda kitu kimoja kuliko sikukuu zote, nacho ni mbio za roboti za kupokezana vijiti. Kila timu ilikuwa na roboti watatu na mafundi watatu. Roboti wa kwanza anauzunguka uwanda wote, anarudi pale pale alipoanzia, anampa wa pili kijiti. Wa pili naye anazunguka, anampa wa tatu. Mbio zikishaanza, fundi haruhusiwi kumgusa roboti wake wala kumwambia neno. Roboti atafanya yale tu aliyofundishwa. Na kijiti kikianguka chini, timu imetoka.

Kulikuwa na sheria nyingine iliyowanyima watu usingizi. Timu ikishindwa kumaliza mbio miaka mitatu mfululizo, roboti wake wanachukuliwa, wanafunguliwa vipande vipande, na mota zao zinakwenda kusukuma maji visimani.

Zefania alikuwa fundi wa roboti aliyeitwa Radi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mkewe alishafariki, mtoto hakujaliwa. Radi alikuwa na miguu mirefu na kifua chembamba, na katika mji mzima hakuna roboti aliyemkaribia kwa mbio. Asubuhi Zefania akiamka alimsalimia Radi. Akinywa uji alimsimulia ndoto aliyoota. Radi alikuwa na jibu moja tu, kwa kuwa hakufundishwa jingine.

"Nimesikia, fundi."

Zefania akashukuru hata kwa hilo. Nyumba yenye sauti moja si sawa na nyumba isiyo na sauti kabisa.

Wenzake katika timu walikuwa wawili. Mmoja ni Mama Kezia, mama wa miaka sitini na kitu, mpole, mzee wa kanisa, ambaye roboti wake alikuwa mfupi na mpana mpaka watu wakambandika jina la Sufuria. Mwingine ni Tumsifu, kijana mwenye mke na watoto wawili, mtu wa utani, ambaye roboti wake alimwita Shemeji bila sababu yoyote.

Mwaka juzi timu yao haikumaliza, dhoruba ya vumbi iliwapoteza njia. Mwaka jana ndio palitokea jambo lenyewe. Radi alikuja mbele ya wote, Sufuria akanyoosha mkono, kijiti kikaanguka. Watu wakaguna uwanja mzima. Waamuzi wakauliza, "Nani amekosea?" Zefania akajibu upesi, kabla hata hajavuta pumzi, "Sufuria. Alichelewa kushika."

Mama Kezia alisimama mbele ya watu elfu kadhaa, akainamisha kichwa na kusema, "Tunaomba radhi. Ni mimi sikumfundisha vizuri."

Jioni ile ile, kwa mwanga wa jua lililobaki, Zefania alifungua kumbukumbu za Radi nyumbani kwake. Akaona wazi. Radi aliachia kijiti mapema, Sufuria hajakifikia bado. Kosa lilikuwa la Radi, maana yake ni la aliyemfundisha.

Akaufunga mfuniko wa kifua cha Radi.

"Tusiliseme hili," alimwambia.

"Nimesikia, fundi."

Tangu siku hiyo Zefania hakukanyaga tena kwenye karakana ya timu. Kwa watu alisema hawezi kufanya kazi na wazembe. Lakini ukweli aliujua mwenyewe: hakuweza kumtazama yule mama usoni. Hata shikamoo alishindwa kumpa. Akimwona mbele, alivuka upande wa pili wa njia.

Akajitafutia mahali pake nyuma ya tangi bovu la maji, ng'ambo ya mji. Kwa kuwa hakuwa na mwenzake wa kupokea kijiti, alichimba shimo akasimika nguzo ya chuma. Ubavuni mwa nguzo akachomelea kipande cha bomba, Radi akifika adumbukize kijiti humo. Na ili Radi aione nguzo kwa mbali, akaifunga kitambaa chekundu juu. Kilikuwa kipande cha kanga ya marehemu mkewe. Nyumbani kwake hakukuwa na kitambaa kingine chekundu.

Kila siku saa tisa alasiri Radi alizunguka, akarudi, akadumbukiza kijiti kwenye nguzo. Hakikuanguka hata mara moja. Na ili asije kugongana na mbuzi waliokatiza pale, Zefania akamfundisha hivi: kitu kinachotembea ni hatari, kikwepe, endelea mpaka uone chekundu kilichosimama.

Siku moja Tumsifu alimfuata huko.

"Fundi Zefania! Mchumba wako huyu mbona hana kichwa?"

"Ana sifa moja," Zefania akajibu, akiendelea kukaza skrubu. "Haongei ovyo."

"Haya. Mama Kezia anaomba uje Jumatano, roboti wafahamiane."

"Mwambie wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani, kaka? Hii ni ya tano unasema hivyo."

Zefania akachukua skrubu nyingine. Tumsifu akaipigapiga ile nguzo begani, akasema, "Pole, shemeji, umeolewa na mtu mgumu," akaondoka zake akicheka peke yake.

Mara nyingine Zefania alimwona Mama Kezia mwenyewe, amesimama mbali chini ya mwavuli, anatazama. Hasogei wala hapungi mkono.  Zefania alidhani amekuja kumdai ukweli. Akageuza mgongo, akajifanya anapaka mafuta kwenye goti la Radi, mpaka alipogeuka tena na kukuta mwavuli umeshaondoka.

Siku ya mbio ikafika. Timu zilikuwa tisa. Kabla ya kuanza, Tumsifu na Mama Kezia walishikana mikono kuomba, wakamnyooshea na yeye. Zefania alishika spana. Aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini ile Amina haikumtoka.

Kengele ikalia. Radi akaondoka na vumbi jeupe likainuka nyuma yake. Alipofika nusu ya uwanda alikuwa amewaacha wengine mbali sana. Watu wakapiga vigelegele. Zefania akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Halafu akawaona mafundi wa timu nyingine wakijiandaa. Roboti wao wa pili walikuwa wameshaanza kuchezacheza miguu, wakinyoosha mikono nyuma, tayari kukimbia sambamba na mwenzao anayekuja.

Tabasamu likamkauka mdomoni. Mwaka mzima Radi hajampa kijiti kiumbe kinachotembea. Akimwona Sufuria anasogea, atamkwepa kama anavyokwepa mbuzi. Atampita, ataendelea kuitafuta ile nguzo kule nyuma ya tangi bovu, na timu itakuwa imetoka kwa mwaka wa tatu. Kufika Jumatatu, Radi atakuwa anasukuma maji, na ndani ya nyumba hakutakuwa na wa kusema "nimesikia".

Akataka kupiga kelele, sheria ikamfunga. Akataka kumwambia Mama Kezia, akakumbuka hata salamu hajampa mwaka mzima. Akasimama tu pale katikati ya watu elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja wa kumshika mkono.

"Ee Bwana," akasema chini chini, "nimejichimbia mwenyewe."

Radi akatokea, anakuja kama alivyoitwa jina lake. Zefania akafumba macho.

Ndipo akasikia watu wanacheka.

"Sufuria amezima! Jamani, Sufuria amezima!"

Akafumbua macho. Roboti wengine wote walikuwa wanachezacheza, lakini Sufuria alikuwa amesimama wima, kimya, hatikisiki hata kidole. Mkono mmoja ameubana ubavuni, kiganja amekikunja kama bomba. Na kichwani alikuwa amefungwa kitambaa chekundu tangu kabla ya kengele, ila Zefania hakuwa amethubutu kutazama upande ule.

Radi alipunguza mwendo. Akageuza kichwa huku na huku. Akaona chekundu kilichosimama. Akaja moja kwa moja mpaka pale, akadumbukiza kijiti katika kile kiganja, taratibu, kama alivyozoea kila siku saa tisa.

Kiganja kikafumba. Sufuria akaondoka mbio.

Uwanja ulilipuka kwa kelele. Kule kusimama kuliwachelewesha, timu mbili zikawapita, lakini Shemeji alipopokea alijitahidi akaipita moja. Wakamaliza wa pili. Tumsifu akarukaruka akimkumbatia kila aliyekuwa karibu, mpaka mwamuzi.

Zefania alimwendea Mama Kezia. Alimkuta hana kilemba. Kile kitambaa chekundu kilikuwa kilemba chake cha Jumapili.

"Nani alikwambia?" akamuuliza.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Nilikuja nikakuona unaipa nguzo kijiti. Nikajisemea, ana haki. Mwaka jana mimi nilimwangusha, ndiyo maana anaiamini nguzo kuliko mimi. Nguzo haijawahi kumwangushia kitu. Basi nikamfundisha Sufuria awe nguzo. Nimemfundisha mwaka mzima, na kila asubuhi nikimwomba Mungu anisamehe lile kosa."

 Zefania angeweza kunyamaza. Timu imepona, Radi amepona, na yule mama alikuwa anamtabasamia. Kunyamaza kulikuwa rahisi, alishazoea.

Lakini wakati huo waamuzi walikuwa wanawaita mbele kuwapongeza, na kipaza sauti kilikuwa kile kile cha mwaka jana. Zefania akakishika.

"Ndugu zangu," akasema, "mwaka jana, mahali hapa, nilisema Sufuria ndiye aliyeangusha kijiti. Nilidanganya. Radi aliachia mapema. Nililijua siku ile ile jioni, nikanyamaza. Huyu mama amebeba aibu yangu mwaka mzima. Mama Kezia, kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu."

 Mama Kezia alimtazama.

"Mwaka mzima, Zefania?" akasema polepole. "Mwaka mzima nimemwomba Mungu msamaha wa kosa lako?"

Akamgeuzia mgongo, akamshika Sufuria mkono, akaondoka naye katikati ya watu. Watu wakampisha njia.

Usiku ule Zefania hakumsimulia Radi kitu. Kesho yake saa tisa alikwenda nyuma ya tangi bovu kung'oa nguzo yake. Hakuikuta. Palibaki shimo tu, na alama za miguu mipana ya Sufuria.

Akakaa chini karibu na lile shimo. Hata kile kipande cha kanga kilikuwa kimekwenda. Akasema moyoni, nimestahili. Akakaa hapo mpaka kivuli cha tangi kikamfikia. Halafu akainuka, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akaelekea karakanani. Hakwenda kudai nguzo. Alikwenda kuaga.

Aliiona kabla hajafika. Ilikuwa imesimikwa mbele ya karakana, katikati, imebeba turubai la kivuli. Chini yake kulikuwa na jiko la chai na viti vitatu. Kipande cha kanga kilikuwa kimefuliwa, kimefungwa upya pale pale juu.

"Tuliiona imesimama peke yake siku nyingi," Tumsifu akasema, mdomo umejaa kitumbua. "Tukaihurumia, kaka."

Mama Kezia alikuwa anamimina chai, hakuinua macho. Zefania akasimama nje ya kivuli, hajui aingie au arudi.

"Shikamoo, Mama Kezia," akasema.

Kikombe cha kwanza kikajaa chai, kikajaa na cha pili.

"Marahaba," yule mama akajibu. "Hasira bado ninayo, Zefania. Nitakuwa nayo kesho, na pengine keshokutwa. Lakini chai haiwezi kungoja mpaka niimalize." Akajaza kikombe cha tatu, akakiweka mbele ya kiti kilichokuwa wazi. "Kaa."

Zefania akakaa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akashindwa kunywa kwa sababu ya machozi, nao wenzake wakajifanya wanatazama uwanda.

Nami ninayekutumia haya nina mtu ambaye bado ninavuka njia nikimwona. Niombee, kesho nimpe shikamoo yake.

Funzo: Kosa lako ukimtwika mwenzako, aibu ataibeba yeye na upweke utaubeba wewe. Likiri mbele ya wale wale uliowadanganya, kwa maana hakuna kufanya kazi pamoja na mtu unayeukwepa uso wake.